Mangungo Hakuandika

Jina la Mangungo limekuwa tusi. Kila unapozuka mjadala wa mkataba mbaya nchini Tanzania, uwe wa madini, wa umeme au wa bandari, hakosekani msemaji wa kuinuka na kuuita mkataba huo wa kimangungo, na wasikilizaji wakamwelewa bila kuhitaji maelezo. Mwaka 2023, taifa lilipobishana juu ya mkataba wa bandari na Dubai, jina hilo lilirudi midomoni kana kwamba mwenyewe alizikwa juzi. Mtoto wa shule hulipokea mapema: palikuwa na chifu wa Msovero, katika Usagara, asiyejua kusoma, aliyempa Carl Peters nchi yake yote kwa alama moja ya msalaba chini ya karatasi. Hadithi ni fupi, ina mjinga na ina mjanja, na funzo lake halimsumbui mtu. Ndiyo maana imedumu.

Lipo swali moja ambalo wasimulizi wake hawapendi kuliuliza. Hadithi hii ilitoka kwa nani? Haikutoka kwa Mangungo. Haikutoka kwa Wasagara, wala kwa wapagazi waliokuwapo, wala kwa mkalimani. Ilitoka kwa mtu yule yule aliyefaidika nayo. Karatasi ya Msovero iliandikwa na mdai, kwa lugha ya mdai, ikashuhudiwa na wenzake mdai, ikasafirishwa katika mizigo ya mdai, na ikaamuliwa na Kaizari wa mdai. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Mahakama gani, hata ile ya mwanzo, ingeipokea hati ya namna hiyo bila kumhoji aliyeileta? Lakini historia ya madarasani imeipokea, na kizazi baada ya kizazi kimemhukumu Mangungo kwa ushahidi wa Peters peke yake.

Hata jina la mahali limepita katika kalamu hiyo. Vitabu husema Msovero, kama hati isemavyo. Anayeshika barabara ya Dumila kwenda Kilosa hupita Msowero, kata yenye watu, mashamba na soko, ambayo wenyewe hawaiiti vinginevyo. Herufi moja si jambo kubwa, ila inaonyesha ni nani aliyeaminiwa: baada ya zaidi ya karne moja, mwalimu bado humfundisha mwanafunzi kutamka jina la kijiji cha Tanzania kama lilivyomfikia mgeni aliyelala hapo usiku chache.

Mambo yenyewe yanajulikana. Peters alikuwa na umri wa miaka 28 alipofika Unguja mwanzoni mwa Novemba 1884, pamoja na Karl Jühlke, Joachim Graf Pfeil na mfanyabiashara August Otto, wote wakiificha nia ya safari yao. Nyuma yao palikuwa na chama cha kutafuta makoloni kilichoundwa Berlin mwezi Machi mwaka ule ule. Walivuka hadi Saadani, wakapanda bara. Tarehe 29 Novemba wakaandika hati ya Msovero. Siku chache baadaye wakawa kwa Mwinyi Sagara, katika nchi ya Kilosa ya leo. Na katikati ya Desemba Peters alikwisha kurudi pwani na rundo la karatasi za Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya kufungwa Mkutano wa Berlin, Kaizari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi waraka wa kuziweka nchi hizo chini ya himaya yake. Sayyid Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake mwezi Agosti 1885, na hoja ikaishia hapo.

Hati yenyewe ni fupi. Inatangaza urafiki wa milele. Inasema Mangungo anaitoa ardhi yake yote, aliyoipata kwa urithi au kwa njia nyingine, itumiwe na Wajerumani peke yao, daima dawamu. Inaweka akiba ya haki za Mwinyi Sagara aliye juu yake. Inasema kwamba mkalimani Ramazan alimweleza Mangungo yote hayo waziwazi, na kwamba taratibu za Usagara zilifuatwa. Kisha inakuja sentensi inayostahili kusomwa polepole kuliko zote: Mangungo, alipoulizwa, alitamka kwamba hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar kwa namna yoyote, na kwamba hata hajui kama Sultani huyo yupo.

Msomaji wa pwani na atulie hapo. Mtu huyu, hati yenyewe inamwita Sultani. Juu yake inamtaja Mwinyi, na mwinyi ni cheo kinachofahamika Mrima nzima. Kati ya Mangungo na wageni alisimama Ramazan, mwenye jina la mwezi wa kufunga. Njia waliyoijia ilikuwa katika nchi ya misafara iliyotoka Saadani na Bagamoyo kwenda Mpwapwa na Unyanyembe, ambayo ilikwisha kupitisha wapagazi kwa maelfu chini ya bendera nyekundu ya Zanzibar, miaka mingi kabla Stanley hajaipita Usagara mwaka 1871. Sultani asiyemjua Sultani, chini ya Mwinyi asiyeijua Mrima, kwa ulimi wa Ramadhani asiyetoka popote! Aliyeitunga sentensi hiyo hakuwa akimsikiliza Mangungo. Alikuwa akiwajibu mapema wakubwa wa Berlin na London, ambao wangeuliza kama nchi hizo si milki ya Barghash. Sentensi ilitungwa Msovero, lakini masikio yaliyokusudiwa yalikuwa Ulaya.

Ramazan naye hajapewa haki yake. Historia imemwachia jina tu, ilhali mzigo wote wa hati ulipita katika kinywa chake. Alieleza waziwazi, lakini kwa maneno gani? Lugha ya sheria ya Ulaya ilikuwa na neno la kuhamisha milki, na neno jingine la ukuu wa dola, na jingine la haki ya kutumia tu. Kiswahili cha msafara kilikuwa na kupa, kukaribisha, kukaa, urafiki, undugu. Kumpa mgeni ardhi alime ni jambo moja, na kumpa ardhi isirudi milele ni jambo jingine, na kitenzi ni kile kile. Zaidi ya hayo, Wasagara, kama majirani zao Wakaguru, Waluguru na Wavidunda, hufuata ukoo wa upande wa mama, na ardhi ilihusishwa na ukoo, wafu wake pamoja na walio hai. Mkuu aliishika kwa niaba ya wengine. Kumkaribisha mgeni kulikuwa ndani ya uwezo wake. Kuiondoa ardhi katika ukoo wake na kumkabidhi mtu wa chama cha Berlin kulikuwa jambo lisilo na jina. Ikiwa jambo halikuwa na jina, Ramazan alisema nini? Hati inajibu: waziwazi.

Wafasiri wanaijua mitego hiyo, na dunia ina mifano yake. Mwaka 1889 Menelik wa Ethiopia alitia sahihi mkataba wa Wuchale na Italia. Kwa Kiamhara, alikuwa na hiari ya kuitumia Italia katika mambo yake na mataifa mengine; kwa Kiitaliano, alilazimika. Kitenzi kimoja kikazaa vita, na vita vikaishia Adwa mwaka 1896. Huko New Zealand mwaka 1840, machifu wa Kimaori walipewa mkataba wa Waitangi kwa lugha yao, na neno lililotumika kwa utawala waliouachia halikuwa na uzito wa neno la Kiingereza. Ubishi wake haujaisha hadi leo. Lakini Menelik na Wamaori walikuwa na kitu ambacho Mangungo hakuwa nacho: nakala ya lugha yao wenyewe ya kuishika mkononi na kusema, sivyo tulivyokubaliana. Hati ya Msovero iliandikwa Kijerumani.

Na isisemwe kwamba hapakuwa na njia nyingine. Mwaka 1884 Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa. Utendi wa Tambuka ni wa mwaka 1728. Saadani, Bagamoyo na Pangani hapakukosekana mtu wa kuandika barua, na serikali ya Zanzibar iliendesha mambo yake kwa maandishi. Anayepita Saadani akaacha makatibu wote nyuma, kisha akaandika kwa lugha isiyosomeka na yeyote katika Usagara nzima isipokuwa yeye na wenzake, amechagua. Hakutaka mkataba usomwe na upande wa pili. Alitaka uonekane umesomwa.

Shahidi huyu ni mtu wa namna gani? Peters mwenyewe alieleza baadaye, tena kwa majivuno, jinsi alivyofanya kazi: kuketi na mkuu wa mahali, kumkumbatia, kunyweshana pombe kali, kugawa zawadi, kisha kusoma maandishi ya Kijerumani, kutweka bendera na kufyatua bunduki ili wenyeji watishike. Miaka michache baadaye, akiwa mtumishi wa serikali Kilimanjaro, aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na binti aliyeitwa Jagodja. Mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ya Ujerumani yenyewe ilimfukuza kazi kwa kutumia vibaya madaraka yake. Alikufa mwaka 1918. Kisha wakaja wanazi, wakamsafisha jina, na mwaka 1941 wakamtengenezea filamu ya kumtukuza. Kwa hiyo kumbukumbu zilizoandikwa juu ya mtu mmoja zilimfanya shujaa, zikamfanya mhalifu, zikamrudisha ushujaa, na leo ni mhalifu tena hata kwao, ambako mitaa iliyoitwa kwa jina lake imebadilishwa majina. Aliyeshindwa kuaminiwa na wakubwa wake anaaminiwa bado katika jambo moja: Mangungo alikuwa mjinga.

Atainuka mtu aseme: maneno matupu, alama ya msalaba ipo. Naam, ipo. Alama inaonyesha, ikiwa ni yake, kwamba mkono ulifika kwenye karatasi. Haionyeshi sikio lilisikia nini. Na kuwa ni yake kunathibitishwa na akina Jühlke, Otto na Pfeil, watu watatu waliokuja kuitafuta alama hiyo. Hata Bismarck, aliyeipokea faida yake, inasimuliwa kuwa alizidhihaki karatasi hizi, kwamba Afrika Mashariki mtu hujipatia ardhi kwa bunduki kadhaa na karatasi yenye misalaba. Kansela wa Ujerumani alijua thamani ya ushahidi huo. Wanaouamini kwa dhati ni wajukuu wa waliodhulumiwa.

Upande wa pili wako wanaosema kwamba maandishi yote ya wakoloni ni uongo, yafungiwe, watu warudi kwa wazee wakasikilize. Hao nao wanakosea, na kosa lao si dogo. Bila karatasi ile jina la Ramazan lisingejulikana, wala ile sentensi iliyomsaliti mwandishi wake. Hati ya uongo, ikihojiwa vema, hushuhudia kweli: huonyesha mwongo aliogopa nini. Na masimulizi ya mdomo si maji ya chemchemi. Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, awe ameshika kalamu au ameshika fimbo ya uzee. Nasaba hupunguzwa ili warithi wasiongezeke. Mpaka husogea kila msimulizi anapobadilika. Ulimi hauna mfupa. Tofauti ni kwamba msimulizi wa barazani anaweza kukatizwa. Mzee mwenzake yupo, atamwambia, hapo umeruka. Karatasi haina wa kuikatiza, nayo huvaa sura ya wino wa Mungu usiofutika, kumbe ni wino wa binadamu.

Dawa inajulikana, na ilikwisha kutumiwa Tanzania. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji, kutoka kwa wazee walioviona na watoto wa waliopigana. Walichokileta kililinganishwa na nyaraka za Kijerumani, na Maji Maji ikaacha kuwa fujo za washirikina kama ilivyoandikwa na waliozizima. Vita hivyo vilipata bahati hiyo. Msowero inastahili subira ile ile.

Karatasi ina njia mbili za kudanganya. Ya kwanza ni kusema lisilokuwapo, kama ilivyofanya Msowero. Ya pili ni kulinyamazia lililokuwapo, na mfano wake upo ndani ya Kilosa ile ile, upande wa kusini, Mikumi. Stanley aliivuka mbuga ya Mkata wakati wa masika ya mwaka 1871, na kitabu chake kinakumbuka tope, maji, maradhi na mateso yake mwenyewe. Wapagazi waliomvusha walijua pa kukanyaga kwa sababu njia ilikuwapo kabla yake, na njia hutengenezwa na miguu ya watu. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964, nayo leo ni nchi ya kilomita za mraba 3,230 ambayo mgeni huielezwa kama nyika ya asili, ya tembo, nyati na twiga. Wanyama wale ni kweli, na kuwalinda ni jambo jema. Lakini Mikumi ni jina, na mikumi ni mivumo ambayo watu waliiona, waliitumia na waliita mahali kwa jina lake. Pori lisilo na historia halingekuwa na jina la kulitambulisha. Palipo na jina la mti palikuwa na mtu chini ya mti huo, hata kama hakuna msafiri aliyemwandika.

Kati ya Kilosa na Mikumi kuna mahali panapoitwa Ulaya. Na afikirie msomaji mtafiti wa miaka mia mbili ijayo, asiyewahi kufika Morogoro, anayekuta barua isemayo kwamba mahindi yamenunuliwa Ulaya na kufika Kilosa siku hiyo hiyo. Ataandika tasnifu juu ya kasi ya vyombo vya usafiri vya Watanzania, tena atataja chanzo chake, na hakuna mwenye cheo atakayembishia. Mkulima yeyote wa Kilosa angemsahihisha kwa neno moja. Historia nyingi ya bara imeandikwa na watafiti wa aina hiyo.

Haya si mabishano ya wasomi pekee. Kilosa ni wilaya ya mashamba makubwa ya mkonge, mengine yakiwa yameachwa yakaota vichaka, na ya wakulima na wafugaji ambao mara nyingine wamegombea ardhi hadi damu ikamwagika. Mwenye shamba huja na hati. Mwanakijiji huja na kaburi la babu yake na mwembe alioupanda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetamka kwamba haki ya kimila ina hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa hati. Ni sheria yenye busara. Lakini akili iliyofundishwa tangu utotoni kwamba karatasi ya Peters ni kweli na kimya cha Mangungo ni ujinga, itawezaje barazani kulipa kaburi uzito sawa na muhuri?

Wapenzi wa ushairi wanayo hapa hoja ya kuwafundisha wanahistoria. Pwani ilipovamiwa na Wadachi mwaka 1888, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliandika utenzi wa vita hivyo. Vita vya Maji Maji vilipopita, Abdul Karim bin Jamaliddini aliandika wake. Tenzi hizo si ushahidi usio na upande. Watunzi wana imani zao, watu wao na hasira zao, na vina na mizani vina madai yao pia juu ya ukweli. Lakini desturi ya utenzi humtaka mtunzi ajitaje: jina, ukoo, mara nyingi na tarehe, pengine hata idadi ya beti ili mwizi asipunguze. Msomaji hujua ni nani anayesema na amesimama wapi. Kitabu cha shule hakifanyi hivyo. Kinasema, Mangungo aliiuza nchi, bila kusema, hivyo ndivyo adaivyo Carl Peters. Kimemnyang'anya mtunzi jina lake, na utungo ukawa ukweli.

Ilivyo, dharau kwa Mangungo ina faida kwa watu fulani. Inawafanya walioketi mezani leo waonekane werevu kwa kulinganishwa naye. Ilhali mikataba mikubwa ya madini na gesi imekuwa ikiandikwa kwa Kiingereza, ikajadiliwa na wachache, na mara nyingi wananchi wanaoishi juu ya madini hayo hawakuwahi kuiona, sembuse kuisoma. Mangungo alikuwa na Ramazan mmoja. Mwanakijiji aliye kando ya mgodi mara nyingi hana hata huyo. Wenye kustahili aibu ya mkataba usiosomeka ni wale wanaojua kusoma.

Kinachodaiwa hapa ni kidogo na kinawezekana. Kitabu cha historia kiichapishe hati ya Msovero yote, kwa tafsiri makini ya Kiswahili, pamoja na majina ya mashahidi wake, na chini yake mwanafunzi aulizwe nani aliandika, kwa lugha gani, ili asomewe nani, na nani hakuulizwa. Wazee wa Msowero, Rudewa na Kilosa wasikilizwe, kisha nao wahojiwe kwa adabu ile ile. Mwanafunzi aliyepita katika zoezi hilo hatakuwa mtu wa kuamini kila kilichopigwa chapa, wala mtu wa kukitupa. Atakuwa mtu wa kuuliza, na watu wa namna hiyo ni vigumu kuwaletea karatasi watie alama. Hadi siku hiyo ifike, anayemcheka Mangungo na akumbuke kwamba anacheka mzaha uliotungwa na Peters.